Daftari la Mjomba

Bwana Mhariri alipotutaka tuandike habari za likizo, wenzangu wengi walichagua safari. Mimi sikusafiri. Likizo yote ya mwezi wa Desemba nalikaa Magomeni, Dar es Salaam, kwa mjomba wangu, nikimchukulia mfuko wake wa vyombo. Kazi yake ni kutengeneza viyoyozi katika nyumba za watu. Nataka kuwaeleza wasomaji kazi ile ilivyo, kisha nataka kuungama kosa moja nililolifanya, maana naona halinihusu mimi peke yangu. Kosa la namna ile hufanyika hata katika maabara yetu hapa shuleni.

Kwanza, kiyoyozi ni kitu gani? Watu wengi hudhani kuwa mashine ile hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni uchukuzi: huchukua joto la chumbani na kulitupa nje. Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungi anaijua siri yake. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya udongo na kukauka kwa nje, nayo yakigeuka mvuke huondoka na joto. Ndani ya mabomba ya shaba ya kiyoyozi mna gesi inayofanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe haitoki, huzunguka tu. Katika sehemu ya ndani ya nyumba huingia ikiwa majimaji, huchemka, hunyonya joto la chumba, hugeuka mvuke. Kompresa, ndiyo moyo wa mashine, huuvuta mvuke ule na kuukandamiza katika sehemu ya nje mpaka uwe na joto kuliko hewa ya nje. Feni huupuliza, nao hutoa joto lake na kurudi kuwa majimaji.

Jambo la kuchemka katika baridi lisiwashangaze. Tumefundishwa darasani kwamba maji yakichemshwa juu ya kilele cha Kibo, mita 5,895, huchemka yapata digrii 80 tu, kwa kuwa kanieneo ya hewa huko ni ndogo. Basi gesi ya kiyoyozi nayo huchemka kwa baridi au kwa joto kwa kadiri ya kanieneo inayopewa. Hiyo ndiyo hekima yote ya mashine.

Mwanzo wake haukuwa kwa ajili ya raha ya watu. Mwaka 1902, huko Brooklyn katika jiji la New York, kiwanda kimoja cha kupiga chapa kilisumbuliwa na unyevu wa hewa. Karatasi zilivimba na kunywea, na rangi zikawa hazikutani mahali pake. Mhandisi kijana, jina lake Willis Carrier, akabuni mtambo wa kuipoza hewa ili unyevu wake upungue. Hata leo kiyoyozi hufanya kazi hizo mbili, kupoza na kukausha, na unyevu unaotolewa hewani hugeuka maji. Maji hayo hudondoka katika kisinia kilichomo ndani ya mashine, hushuka kwa bomba jembamba hadi nje ya nyumba. Wasomaji na wayakumbuke maji haya, maana yatarudi mbele katika habari yangu.

Sasa nije kwa mjomba. Ni mtu mpole, hasemi sana. Katika mfuko wake mna bisibisi, spana, mita ya umeme, vipimajoto viwili, geji za gesi, chupa ya maji ya sabuni, na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila kazi ina ukurasa wake katika daftari lile. Juu huandika tarehe na aina ya mashine. Kisha huandika malalamiko ya mwenye nyumba kwa maneno ya mwenye nyumba mwenyewe. Kisha vipimo alivyovikuta, kazi aliyoifanya, na mwisho vipimo alivyoviacha. Hafungi mfuko kabla mstari wa mwisho haujaandikwa.

Siku ya kwanza nalimwuliza, "Mjomba, kwa nini unaandika maneno ya mwenye nyumba, naye hajui ufundi?"

Akanijibu, "Mpwa wangu, mimi nakaa na mashine ile saa moja. Yeye anakaa nayo mwaka. Mgonjwa hajui dawa, lakini anajua panapomuuma."

Siku chache baadaye nikaona maana yake. Tulikwenda nyumba mbili kwa siku moja, na mashine zote mbili zilikuwa zimeshika barafu katika koili ya ndani. Mimi nikasema upesi, "Gesi imepungua." Mjomba akacheka. Katika nyumba ya kwanza chujio lilikuwa limezibwa na vumbi kama blanketi. Hewa ya joto haikufika kwenye koili, nayo ikapoa kupita kiasi mpaka unyevu ukaganda. Tukaliosha, na ugonjwa ukaisha. Katika nyumba ya pili chujio lilikuwa safi, na gesi kweli ilikuwa imepungua. Dalili moja, magonjwa mawili. "Homa si malaria sikuzote," akasema mjomba. "Fundi anayetia gesi kila aonapo barafu ni kama daktari anayetoa dawa ya malaria kwa kila anayetetemeka."

Yote hayo naliyasikia, nikayakubali, nikayaandika hata katika daftari langu dogo. Lakini kusikia ni kitu kimoja.

Jumatano moja, juma la pili la likizo, tuliitwa katika nyumba moja Upanga. Wenyeji wake ni mzee na mkewe, walimu wastaafu wote wawili. Mzee alipigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, naye hulala mchana kutwa. Chumba chake hupigwa na jua la alasiri, na joto la Dar es Salaam mwezi wa Desemba wasomaji wanalijua. Mtu mwenye afya hutoka nje akakaa chini ya mti. Mzee yule hakuweza kutoka. Mgongo wake ulikuwa umeanza kufanya vidonda kwa jasho.

Tulipokwisha kuamkia, mjomba akamwuliza Bibi habari za mashine. Bibi akasema, "Mwanangu, mwaka huu mafundi watatu wamepita hapa. Wa kwanza alitia gesi, ikapoza miezi mitatu. Wa pili akatia gesi, ikapoza miezi miwili. Wa tatu naye akatia gesi. Sasa tangu juzi inapuliza upepo tu, na huko nje inanguruma kidogo kisha inanyamaza. Fedha nimezitoa, na mzee analala kwenye joto."

Mjomba akayaandika maneno yale yote. Kisha akapima: hewa ya chumba digrii 31, hewa itokayo mashineni digrii 31. Akatoka nje, akazima umeme kwenye swichi kuu, akafungua sehemu ya nje. Akatoa umeme uliobaki ndani ya kapasita kwa namna ya salama, maana kitu kile huweza kumpiga mtu hata umeme ukiwa umezimwa, akakipima. Juu yake paliandikwa maikrofaradi 35. Mita ikasoma 19.

Kwa wasioijua, kapasita ni kopo dogo linaloipa kompresa nguvu ya kuanza kuzunguka. Ikiwa dhaifu, kompresa hunguruma bila kuzunguka, hupata moto, na kinga yake huikata. Ndiyo sauti aliyoisikia Bibi. Mjomba alikuwa na kapasita mpya mfukoni, akaifunga, akawasha umeme. Kompresa ikazunguka. Mimi nikapiga makofi. Mjomba hakupiga. Alikuwa akiitazama ile ya zamani mkononi.

"Hii haina hata mwaka," akasema. "Nataka kujua imekufa kwa nini. Na gesi aliyotiwa mara tatu imekwenda wapi? Gesi ya kiyoyozi si petroli, hailiwi. Kama imepungua, imetoka."

Wakati ule ule simu yake ikalia. Friji la duka moja la dawa lilikuwa limesimama, na ndani yake mlikuwa na dawa zisizotakiwa kupata joto. Mjomba akafikiri kidogo, kisha akaniambia: "Mimi nakwenda, nitarudi hapa kesho kutazama umeme na gesi. Wewe usifungue kitu huko nje. Fanya mambo manne tu. Osha chujio. Ngoja nusu saa, kisha pima hewa inayoingia mashineni na inayotoka. Shika bomba nene huko nje uone kama lina baridi na jasho. Mwisho, mimina lita moja ya maji katika kisinia cha ndani, utazame kama yanatoka kwa bomba la nje. Uandike yote katika daftari. Ukiona lolote si la kawaida, nipigie, usiku nitapita." Akaniachia daftari, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Sasa wasomaji nisikilizeni vizuri. Jioni ile tulikuwa na mpira mtaani kwetu, nami ndiye mlinda mlango. Nikaosha chujio. Nikakaa dakika tano, nikaweka mkono mbele ya mashine, nikasikia baridi. Bibi akasema, "Alhamdulillahi!" Mzee akatabasamu upande mmoja wa uso. Nikajiona fundi kamili. Nikafikiri: ugonjwa umekwisha kupatikana, ni kapasita, nusu saa ya nini? Maji ya nini? Kumimina maji kulihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa kwa jirani.

Nikafungua daftari. Nikaandika: hewa inayoingia, digrii 27. Hewa inayotoka, digrii 16. Tofauti, 11. Bomba nene, baridi na jasho. Maji ya kisinia, yanatoka vizuri. Nikapokea malipo, nikaaga, nikaenda mpirani. Tulishinda mabao mawili kwa moja.

Usiku mjomba alirudi amechoka, maana friji lile lilimsumbua mpaka saa tatu. Akasoma ukurasa, akauliza, "Yote mazuri?" Nikasema, "Mazuri, Mjomba." Kwa kuwa vipimo vilikuwa vizuri, akaona Upanga kunaweza kungoja, akaenda kwanza kwa wengine waliokuwa na shida kubwa zaidi. Hivyo uongo wangu haukukaa katika daftari tu. Ulimwongoza yeye njia isiyo yake.

Ijumaa alfajiri Bibi akapiga simu. Mashine ilipuliza baridi hafifu siku moja, ikafanya barafu, akaizima usiku. Barafu ikayeyuka, na maji yasipate njia ya kutokea. Yalifurika kisinia, yakateremka ukutani, yakamwangukia mzee kitandani. Mzee hakuweza kujisogeza. Bibi alizinduka na kumkuta amelowa mpaka kifuani, godoro limejaa maji. Sauti yake katika simu haikuwa ya hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Tulipofika, mjomba alimwamkia mzee, akamwomba radhi, akamsaidia Bibi kutoa godoro juani. Kisha akafungua daftari, akasoma kwa sauti maandishi yangu, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akaniuliza, "Maji uliyamimina?"

Neno "ndiyo" lilikwisha fika mdomoni. Ningeweza kusema yalitoka juzi na leo bomba limeziba. Nani angejua? Nikamtazama mzee amefunikwa kanga ya Bibi, anatetemeka kidogo. Nikasema, "Hapana, Mjomba. Sikumimina. Wala nusu saa sikungoja. Namba zile nalizitunga."

Pakawa kimya. Nalitazamia kofi. Mjomba akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya vipimo vyangu, si kuvifuta bali mstari mmoja tu, namba zikasomeka bado. Akaandika kando yake: Havikupimwa. Akasema, "Lete ngazi."

Siku ile ndipo nilipoona kazi kamili, nami naieleza kwa utaratibu wake.

Jambo la kwanza, maji. Nalimimina lita moja kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa bomba la nje halikutoka tone. Tukalipuliza, likatoka ute mweusi mrefu kama mkia wa panya. Ute ule humea palipo na unyevu na vumbi. Nikamimina tena, maji yakatoka mbio.

Jambo la pili, umeme. Mashine ikiwa imezimwa, mita ilisoma volti 229. Ilipowashwa zikashuka hadi 217. Mjomba akafuata waya mpaka kwenye swichi ya mashine, akazima umeme kwenye swichi kuu, akafungua. Ndani, skrubu ya waya mmoja ilikuwa imelegea, na plastiki imegeuka rangi ya kahawa iliyoungua. Waya uliolegea huzuia umeme na kufanya moto, na kila kompresa inapoanza, ndipo inapokosa nguvu zaidi. Nyumba huweza kuungua kwa skrubu moja kama ile. Akakata kipande kilichoungua, akafunga swichi mpya.

Jambo la tatu, hewa ya nje. Mtu alikuwa ameegemeza mabati ya zamani mbele ya feni ya sehemu ya nje, na mapezi yake ya nyuma yalikuwa yamejaa vumbi na nyuzi za nguo. Joto la chumba hutupwa pale. Likikosa njia, hurudi juu ya mashine yenyewe. Kapasita haipendi joto. Tukaondoa mabati, tukaosha mapezi kwa maji ya taratibu. "Sasa," akasema mjomba, "nimejua iliyokufa imekufa kwa nini."

Jambo la nne, gesi. Akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Kwenye nati ya bomba nene, huko nje, povu dogo likaanza kupanda, punje moja baada ya punje nyingine, polepole mno. Mtu mwenye haraka asingeliona. Mdomo wa bomba la shaba ulikuwa umepanuliwa vibaya siku mashine ilipofungwa, ukapata ufa mwembamba kama unywele. Mafundi watatu walitia gesi juu ya ufa ule, na Bibi akalipa mara tatu.

Mjomba hakuiachia gesi iliyobaki iende hewani. Aliivuta ndani ya silinda. Gesi ile, R-410A, haiharibu tabaka la ozoni kama zile za zamani zilizopigwa vita kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, lakini kilo yake moja huipasha dunia joto karibu sawa na kilo 2,000 za hewa ya ukaa kwa muda wa miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, wakapatana kupunguza gesi za jamii hiyo.

Akakata mdomo mbovu, akaupanua upya. Akajaza naitrojeni kavu kwa kanieneo kubwa, akangoja saa nzima akiitazama geji, sindano haikusogea. Aliniambia hewa ya oksijeni isitumike kamwe kwa kazi hii, maana ikikutana na mafuta ya kompresa kwa kanieneo kubwa hulipuka na kuua. Kisha akavuta kila kilichomo kwa pampu mpaka kipimo kikafika mikroni 500, ili hata unyevu uchemke utoke. Mwisho akatia gesi kwa mizani, gramu 980, kama ilivyoandikwa kwenye kibao cha mashine. Hakutia kwa kukisia.

Tukangoja nusu saa. Ilikuwa nusu saa ndefu, lakini sikuisikia. Mjomba akanipa vipimajoto viwili bila kusema neno. Nikapima, nikamwita atazame mwenyewe, akakataa. "Soma wewe," akasema. "Uandike unachokiona." Nikaandika: inayoingia, digrii 28; inayotoka, digrii 17; tofauti, 11.

Ajabu, tofauti ilikuwa ile ile niliyoitunga. Nikamwonyesha mjomba. Akasema, "Ndiyo. Uongo mara nyingine hufanana na kweli. Lakini huu wa leo mzee anaweza kuulalia."

Mzee alikuwa akitusikiliza. Ulimi wake ni mzito tangu ugonjwa, husema neno moja moja. Akaniita karibu, akaomba aone ukurasa. Akautazama kwa muda, akaweka kidole juu ya mstari wa juzi, akasema, "Nalifundisha hesabu. Miaka 31. Namba za kupikwa nazijua." Akapumua. "Asubuhi ile chumba digrii 31. Ukaandika 27. Chumba changu hakikupata kupoa hivyo. Mimi nalikuwa humu."

Wenzangu, neno lile sitalisahau. Nalidhani nimemdanganya daftari, na daftari halina macho. Lakini alikuwapo mtu ambaye namba zile zilikuwa mwili wake.

Mjomba hakudai fedha ya kazi ya siku ya pili. Alisema ni deni letu. Gesi na swichi alizinunua yeye, na mimi nikamwomba azikate katika ujira wangu, akakubali. Bibi alikataa kulipwa godoro, kwa kuwa lilikauka. Alitaka kitu kimoja tu: kila Jumamosi mpaka shule ifunguliwe nije nioshe chujio na kumimina maji katika kisinia. Nalikwenda Jumamosi zote nne. Nikimaliza nalikaa na mzee, akiniuliza hesabu, nami nikishindwa nyingi.

Sasa nieleze kwa nini nimesema jambo hili latuhusu sote. Mwezi wa kwanza wa muhula huu tulifanya jaribio la timazi, kupima nguvu ya mvutano wa dunia. Kitabu kinasema jibu ni 9.8. Sisi tunajua jibu kabla ya kupima, na wengi wetu hupima mara moja, kisha huandika namba zitakazoleta 9.8. Nami mwaka jana nalifanya hivyo. Safari hii nalipata 9.3. Jirani yangu akaninong'oneza nibadilishe. Nikaiacha vile vile, nikampelekea mwalimu.

Mwalimu hakukasirika. Akaniuliza, "Umepima uzi mpaka wapi?" Nikamwonyesha: kutoka juu mpaka mahali uzi unapofungwa kwenye mpira wa chuma. Akasema kipimo chafaa kifike katikati ya mpira. Mpira ule una nusu-kipenyo cha sentimita 1.5, na uzi wangu ulikuwa sentimita 30. Nikaongeza, nikapiga hesabu upya, ikaja 9.8. Kama ningeitunga 9.8 tangu mwanzo, nisingejua hata leo kuwa naupima uzi vibaya. Namba mbaya ndiyo iliyonionyesha ufa, kama povu la sabuni.

Hayo ndiyo niliyoyaleta kutoka likizo. Fundi aonaye kosa la kwanza na kufunga mfuko hajatengeneza kitu, ameahirisha tu. Kapasita ilikuwa mbovu kweli, hapana ubishi, lakini nyuma yake kulikuwa na joto, na skrubu iliyolegea, na ufa, na bomba lililoziba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naona afichaye kipimo naye yuko katika njia hiyo hiyo, tena maradhi anayoyaficha mara nyingi si yake, ni ya mtu aliyelala akimtegemea.

Mjomba ameniambia likizo ijayo nirudi. Ukurasa ule wa Upanga haukuchanwa. Ameuacha katika daftari na mstari wake mmoja juu ya namba zangu, nami nimeomba usichanwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu